Siku moja maishani mwangu: mwanafunzi katika chumba cha kuongozea gridi ya umeme

Saa 12:30 asubuhi nasimama nyuma ya mwendeshaji wa zamu ya usiku, nikisoma daftari la makabidhiano: mashine za kuzalisha umeme zilizo kwenye gridi, zilizo matengenezoni, na laini zilizozimwa. Ukutani panasomeka 50.02. Hayo ndiyo masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde; yanapaswa kuwa hezi 50, na yakipanda au kushuka ujue kwamba uzalishaji na matumizi havilingani.

Saa 2:00 mkufunzi wetu, ambaye sote twamwita Mzee, anatufundisha govana, kifaa kinachodhibiti kasi ya mashine. Ikipangwa kwa asilimia 4, yaani masafa yakishuka kwa asilimia 4 mashine ipande kutoka sifuri hadi uwezo wake wote, masafa yakishuka kwa hezi 0.5 mashine huongeza robo ya uwezo wake. Kwa mashine ya kituo cha umeme wa maji cha Kidatu yenye megawati 51, hiyo ni takriban 13, mradi isiwe imekwisha kujaa.

Saa 4:00 tunaingia kwenye simuleta, mtambo wa mazoezi unaoiga gridi, na hapa ndipo siku yangu ilipo. Mzigo, yaani umeme unaotumika, ni wa usiku wa manane, megawati 1,200, na mashine moja ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 235, inatoa 200. Mzee anaizima. Masafa yanaporomoka, 49.6, 49.2, nami naagiza vituo vya maji viongeze. Umeme hauongezeki, naagiza tena. Kosa langu ni hilo. Milango ya turbini inapofunguliwa ghafla, shinikizo la maji hushuka kwanza, hivyo mashine hupunguza umeme kwa muda mfupi kabla ya kuuongeza. Maagizo yote mawili yalipoitika pamoja, masafa yalipanda hadi 50.7, na wakati huo rilei, vifaa vinavyokata umeme vyenyewe, zilikuwa zimekwisha kukata fida tatu, yaani laini zinazopeleka umeme mitaani. Nimekulia mtaa uliokatiwa umeme mara kwa mara, kwa hiyo fida kwangu ni zahanati, mashine ya kusaga na watoto wanaosoma. Nikaomba kurudia zoezi. Mara ya nne nikasubiri ipasavyo.

Mchana tulijifunza uthabiti wa pembe za rota, sehemu ya jenereta inayozunguka: hitilafu ya laini ya kilovoti 220 ikichelewa kuondolewa, jenereta huachana mwendo na wenzake.

Jioni, mzigo unapoanza kupanda, Mzee ananikabidhi simu, yeye akiwa kando yangu.

“Kidatu, ongeza ishirini.”

“Naongeza ishirini,” sauti inarudia. Ninaandika daftarini: saa 12:41. Kisha nasubiri, mikono ikiwa mezani.