Nilivyomtambua mfalme wa Wafaranki aliyefichwa chini ya taji

Picha hii niliinunua kwenye soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, Brussels. Ni ya rangi ya mafuta juu ya turubai, imefifia kwa vanishi iliyogeuka kahawia, na kwenye fremu pana kibao chenye jina Charlemagne, mfalme mashuhuri wa Wafaranki, watu waliotawala Ufaransa ya leo na nchi jirani. Jina hilo lilinitia shaka. Mfalme aliyechorwa ana nywele zilizomwagika mabegani, ilhali sanamu ndogo ya mpanda farasi iliyoko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, ambayo wengi huihusisha na Charlemagne, ina nywele fupi na masharubu. Nywele ndefu zilikuwa alama ya ukoo wa kifalme uliotangulia ule wa Charlemagne, yaani Wamerovinji. Kwao kunyolewa kulikuwa kuvuliwa ufalme. Husimuliwa kwamba malkia wao Clotilde, alipoletewa upanga na mkasi achague, alijibu kuwa heri wajukuu zake wafe kuliko wanyolewe.

Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na misumari midogo ya chuma na kabari za mbao pembeni, dalili ya karne ya 19, ingawa hilo peke yake halithibitishi kitu kwa sababu turubai huweza kugongomelewa upya. Kilichofumbua fumbo ni taa ya urujuanimno, kama zile za kukagulia noti. Gizani, vanishi ya utomvu iliyozeeka hung'aa kijani-kijani, na rangi iliyopakwa juu yake baadaye hubaki nyeusi. Taji lote lilikuwa jeusi!

Fundi wa kurekebisha picha za kale alilitoa polepole kwa vijiti vya pamba. Chini yake palikuwa na nywele tupu. Vanishi ilipoondoka kushoto, ukajitokeza mkono wa mtawa umeshika mkasi.

Kwa hiyo namwona hapa Childeric III, Mmerovinji wa mwisho kutawala. Mwaka 751 Pepin, baba wa Charlemagne, alimwondoa kwa kibali cha Papa Zakaria, akanyolewa na kupelekwa monasterini. Mchoraji Mfaransa Évariste-Vital Luminais naye alilichora tukio hilo. Inaniuma kwamba mtu, huenda kwa kutafuta bei, alimbandika huyu aliyepokonywa kila kitu jina la mtoto wa Pepin.

Ukiwa na picha ya namna hii, usiisugue kwa mkate wala kiazi. Unyevu hupenya kwenye nyufa, rangi ikabanduka.