Kambi yetu ya vijana Lushoto haikuuzwa: tulichoanza nacho ni masufuria

Kila nikikutana na watu wanaosimamia kambi za vijana, ziwe za kanisa, za skauti au za shule, nasikia ushauri uleule: boresheni vyumba, wekeni picha mtandaoni, wageni watakuja. Ushauri huo ulitutia hasara. Mimi ni mweka hazina wa kambi moja huku Lushoto, milimani Usambara. Leo kambi inajilipia yenyewe, na waliotufikisha hapa ni majirani zetu.

Shida ya kambi ya vijana ni kalenda. Watoto wanakuja shule zikifungwa, Juni na Desemba, na vikundi vichache wakati wa Pasaka. Miezi mingine mabweni yamefungwa, lakini mlinzi anataka mshahara wake, kodi ya ardhi inadaiwa, na mvua za huku hazina likizo. Bati likitoboka Machi, ukija kufungua Juni unakuta dari imeoza. Wafadhili wa zamani walijenga wakatukabidhi funguo. Matengenezo yakabaki juu yetu.

Mtaalamu mmoja, tuliyemlipa fedha nzuri, alitushauri tugeuze bweni la wasichana kuwa vyumba vya watalii. Tukanunua vitanda, mashuka meupe, hita za maji. Watalii wanaopanda Lushoto wana sehemu zao za kulala tangu zamani. Kwetu walipita tu wakielekea Irente kutazama bonde. Juni ilipofika, wasichana hawakuwa na pa kulala, kikundi kizima kikaahirisha kuja. Fedha zilikatika pande zote mbili.

Hapo ndipo yalipoanza maneno ya kuuza ekari za bondeni. Mjumbe mmoja akasema hata skauti wa Marekani wanauza kambi zao. Nilisimama nikamjibu kwa hasira kidogo: wale waliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika mwaka 2020, na baadhi ya mabaraza yao yakauza kambi ili kuchangia mfuko wa fidia wa zaidi ya dola bilioni 2, kwa watu waliodhalilishwa kingono wakiwa watoto. Sisi tunadaiwa mshahara wa mlinzi na mabati. Kwa deni hilo huuzi ardhi ambayo hutaipata tena.

Wazo lililotusaidia lilitoka stoo. Mama mmoja, mwenyekiti wa kikoba cha kijijini, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, alikuja kuomba masufuria mawili makubwa, kuna msiba. Nilipomfungulia alisimama mlangoni akatazama: masufuria ya kupikia watu mia mbili, masinia, sahani zimepangwa hadi darini, mabenchi, maturubai. Akaniambia, "Mwalimu, vitu vyote hivi vinalala na panya mwaka mzima, na sisi tunakodi mjini?" Jioni nikaenda kuhani. Turubai lilikuwa limeletwa na pikapu, na nauli ya pikapu ilizidi bei ya kulikodi turubai lenyewe. Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa napiga hesabu.

Tukakubaliana hivi. Kikoba ndicho kinachokodisha vyombo. Harusi, ubatizo, maulidi na mahafali wanalipa. Mapato tunagawana nusu kwa nusu, na kilichovunjika kinakatwa kwenye mapato kabla ya kugawana. Kila sahani tumeipaka tone la rangi nyekundu ya kucha kwa chini, ili isichanganyike na za mtu. Vijiko vinafungwa kumikumi kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na vikirudi vinahesabiwa barazani, aliyekodi akiwa amesimama palepale. Kwa kuwa kijiko kikipotea akina mama nao wanapata hasara, wilaya nzima hakuna stoo inayolindwa vizuri kuliko hii yetu. Nasema hivyo kwa fahari.

Msiba haulipiwi. Kamati ilinibishia sana hapo, wakisema tunatupa mapato. Nilishikilia, na naomba mwenye kambi yoyote alishike hili: mtu uliyemsaidia kulisha waombolezaji wake hakati mikaratusi yako usiku. Mwaka jana jirani alipotaka kusogeza bikoni ya mpaka wetu, watu wa kijijini ndio waliotupigia simu.

Kikoba hichohicho sasa ndicho kinachopikia watoto. Kabichi, karoti na viazi vinatoka mashamba ya hapohapo, bei tunaiandika mapema kabla Desemba haijapandisha kila kitu.

Vijana wa kijiji nao walikuwa wanaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vijana, wakitaka kufuga nyuki lakini hawana mahali. Tukawaandikia barua ya kuwaruhusu kuweka mizinga kwenye msitu wetu wa juu, mbali na mabweni. Theluthi ya asali ni yetu, na wezi wa kuni hawapiti tena upande ule.

Yote haya tuliyapeleka mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari ukasainiwa na mwenyekiti na mtendaji. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, na unataja matumizi tu, si umiliki. Sharti ambalo halijadiliwi: watoto wakiwa kambini, geti limefungwa kwa wakodishaji, vyombo vyote vimesharudi, asali hairinwi, na hakuna mtu wa nje anayelala ndani. Akina mama wa jikoni tunawajua kwa majina na wanaondoka kabla ya giza.

Mapato ya msimu huu yamelipa mabati ya bwalo, milioni na kitu, bila kumwandikia mfadhili barua. Wasichana wamerudi bwenini kwao. Sasa shule ya msingi jirani inaomba kutumia uwanja wetu wa mpira, wao wafyeke nyasi na kuchimba mtaro wa juu. Mwalimu mkuu tunakutana naye wiki ijayo, na rasimu ya mkataba nimeshaiandika.