Mwaka wangu wa kujitolea Igombe, upande wa pili wa ziwa

Kisumu na Mwanza zinakunywa maji ya ziwa moja, lakini kwa basi ni safari ya kutwa: Kisii, Migori, Isebania, unagongewa pasipoti Sirari, kisha Tarime, Bunda, Lamadi, Magu. Kitambulisho cha Kenya kinachonifikisha Kampala hakivuki mpaka huu. Nilikuja na barua ya shule, nikashughulikiwa kibali cha ukaazi daraja C, ambacho hupewa wanafunzi, watafiti na sisi wa kujitolea. Nyumbani waliniuliza, "Mwanza nayo ni ughaibuni?" Usiku wa kwanza Igombe, mtaa wa wavuvi kando ya Mwanza, nikisikiliza injini za mitumbwi na sina mtu hata mmoja wa kumgongea mlango, sikuwa na shaka kwamba niko ugenini.

Kilichonisumbua kwanza ni Kiswahili, lugha niliyodhani ninayo. Asubuhi ya kwanza nilimkuta bibi wa nyumba ya pili akianika dagaa. Nikamwambia, "Habari yako?" Akaitika kwa sauti ndogo, akaendelea na kazi yake. Jioni mama mwenye nyumba akaniita pembeni. "Mwalimu, yule ni mzee. Unamwamkia shikamoo." Kwetu Kisumu shikamoo tuliisoma vitabuni, hatukuizoea mdomoni. Kesho yake nilikwenda mapema, nikainama kidogo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu! Sasa sema mwangaluka." Nikasema mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na tangu siku hiyo nina bibi Igombe. Dukani nako nilijifunza kuacha "nipe" na kushika "naomba". Omena ikawa dagaa, mbuta ikawa sangara, ngege ikawa sato, stima ikawa umeme.

Shuleni, shule ya kata, nilipangiwa kidato cha kwanza, mkondo wenye wanafunzi 74. Watoto hawa wamesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengine. Januari wanavaa sare mpya, na ghafla Hisabati, Baiolojia na Jiografia zote zinakuja kwa Kiingereza. Wiki tatu nilizungumza peke yangu. Nikiuliza swali, macho yote yanashuka kwenye madawati. Niliwaona wazito, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja tulisoma kifungu kifupi kuhusu mimea kujitengenezea chakula. Nikamsimamisha kijana mmoja, akasimama kimya mpaka nikamwambia aketi. Kipindi kilipokwisha alinifuata nje. "Madam, kile ni usanisinuru?" Akanieleza yote: jani, mwanga wa jua, hewa ya ukaa, maji kutoka mizizini, bila kukwama popote. Aliyekwama nilikuwa mimi, maana neno usanisinuru nilikuwa silijui. Wiki hiyohiyo binti mwingine akaniuliza kama LCM ya Hisabati ndiyo KDS. Ilibidi anifafanulie: kigawe kidogo cha shirika. Alikuwa akizitafuta hizo KDS tangu shule ya msingi, na mimi nilikuwa nimeshaandika pembeni ya daftari lake kwamba hajui.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilimkumbuka mtoto wa darasa la nne aliyevishwa kibao shingoni kwa kusema Kijaluo uwanjani. Mtoto huyo ni mimi. Kijaluo hakina "sh", kwa hiyo nilisema "sida" nikikusudia shida, na darasa zima lilicheka, mwalimu naye akicheka. Hapa kuna wanafunzi wangu ambao r inawatoka kama l. Niliapa kwamba hakuna atakayechekwa mbele yangu.

Nikaazima vitabu vya darasa la tano hadi la saba kutoka shule ya msingi jirani, nikavisoma jioni kama mwanafunzi: kani, nishati, mzingo, mmeng'enyo wa chakula. Darasani nikabadili utaratibu. Kwanza tunalisema jambo kwa Kiswahili mpaka kila mtu amelielewa, halafu tunalitafutia Kiingereza chake, neno baada ya neno, kisha sentensi nzima. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia nawadekeza, kwamba mtihani wa taifa hautawauliza kwa Kiswahili. Kuhusu mtihani yuko sahihi, na wazazi wa hapa wanakitaka Kiingereza kwa dhati. Lakini mtoto aliyefikiri kwa Kiswahili miaka saba ukimnyamazisha Kiswahili, humpi Kiingereza. Unampa ukimya, na ukimya ndio niliokuwa nikiufundisha wiki zile tatu.

Jambo jingine sikulitegemea, ingawa nimekulia kando ya ziwa hilihili: mahudhurio yalikuwa yakifuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu na mitumbwi inapumzika. Siku za giza mitumbwi inarudi mwaloni, ufukweni inapotia nanga na kushusha samaki, alfajiri, na watoto wengi wanasaidia kuanika kabla ya kuja shule. Wanaingia saa tatu, magamba mikononi, wamechoka, na nilikuwa nawaandikia wamechelewa bila kuuliza.

Mwezi wa nane niliwaomba wanieleze uvuvi huo kwa Kiingereza. Nikaandika ubaoni kwamba wavuvi hufuata mwezi. Kimya kidogo, halafu sauti kutoka nyuma, yule binti wa KDS: "No, Madam. The moon is bad. We are wanting dark." Mwingine akaongeza taa, mwingine nyavu, mwingine bei ya ndoo mwaloni, sarufi ikipinda huku na kule na hakuna aliyecheka. Niliandika kila walichosema, ubao ukajaa, tukairekebisha pamoja sentensi moja moja mpaka kengele ikalia, na hawakutaka kutoka.

Kibali changu kinakwisha Januari, na nimeomba kuongezewa mwaka. Giza linaanza tena Jumatatu. Kipindi cha kusoma kwa sauti nimekihamishia saa saba mchana, dagaa wakiwa wameshaanikwa.