"Maji yenu yanauma": hita ya instanti kwa nyumba yenye presha kali

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea hapa Nakuru mwezi wa saba mwaka jana, ametoka Kakamega na basi ya asubuhi na kuku wawili na mkungu wa ndizi, na jioni nikamwambia mama ingia uoge, maji iko moto, usihangaike na beseni. Alitoka bafu haraka sana. Akakaa, akajifunga leso yake vizuri, akaniangalia akasema, "Mwanangu, maji yenu yanauma."

Mi nikadhani anamaanisha ni moto sana, nikamwambia pole mama, kesho nitaweka ile alama ya katikati. Bwanangu akasema labda ni baridi ya Nakuru hajaizoea. Hakuna mtu kati yetu alimuuliza yanauma aje.

Yalikuwa yanauma kwa sababu yalikuwa na stima ndani. Hilo tulikuja kulijua siku ya pili yake na bado nikikumbuka mwili unanisisimka, kwa hivyo leo naandika yote tuliyofanya vibaya, maana najua nyumba nyingi hapa mtaani ziko hivyo hivyo saa hii na wenyewe hawajui.

Kabla ya hapa tulikaa Kisumu, flati, floor ya juu kabisa chini tu ya tangi, na maji yalikuwa yanachuruzika mpaka hita ya shawa inakataa kuwaka. Kumbe ile hita ndani ina kampira, na ni maji yenyewe yanasukuma hako kampira ndio chuma za stima zigusane iwake. Presha ikiwa ndogo kampira hakainuki, unaoga baridi. Basi tulipohamia Nakuru, nyumba iko chini ya mteremko, laini ya maji inaingia moja kwa moja bila kupitia tangi, ukifungua mfereji wa jikoni maji yanakurukia mpaka kifuani, tulifurahi kama watoto. Tukasema hapa shida ya maji imeisha.

Lakini shawa ikawa vuguvugu tu. Alama ya mwisho kabisa, vuguvugu. Tukafikiri hita ni feki.

Hita haikuwa feki. Hii ni hesabu na inafaa kila mtu mwenye hii hita aijue. Yangu imeandikwa wati 5,500. Hiyo nguvu ni moja, haiongezeki. Maji yakipita lita 3 kwa dakika yanaongezewa joto kama digrii 26, so yakiingia na 18 yanatoka na 44, hapo unaoga vizuri hata unapunguza. Yakipita lita 6 kwa dakika yanaongezewa 13 peke yake, yanatoka na 31, hiyo ni maji ya kunawa mikono. Presha ikiwa kali maji yanapita mbio, hayapati muda wa kushika joto. Hakuna kilichoharibika hapo. Ukitaka kujua yako inapitisha ngapi, wekelea mtungi wa lita 20 chini ya shawa uangalie saa. Ukijaa kwa dakika 5 au 6 uko sawa. Ukijaa kwa dakika 2, presha yako ndio shida.

Sasa sisi hatukujua hayo, na hapa ndio kosa kubwa lilipotokea. Hita yetu ilikuwa na ule mpira mrefu wa kushika mkononi, na bwanangu, kwa nia nzuri kabisa, akaenda hadiweya akanunua koki ndogo ya plastiki akaifunga pale mwisho wa mpira. Ukiikaza kidogo maji yanapungua, yanakuwa moto. Watoto nao wakazoea kuifunga kabisa wakijipaka sabuni, halafu wanafungua tena, na sisi tukawasifu wanaokoa maji. Wiki tatu hivi tulioga maji moto tukashukuru Mungu.

Jameni, usiwahi kuweka koki BAADA ya hita. Usiwahi. Kile kikopo cha plastiki cha hita kimetengenezwa mdomo wake uwe wazi wakati wote. Maji yanaingia yanatoka, kwa hivyo ndani hakuna presha ya kusema. Ukifunga upande wa kutokea, presha yote ya laini ya mtaa inabaki imekaa ndani ya hicho kikopo, usiku kucha, na usiku ndio presha iko juu zaidi kwa sababu watu wamelala hakuna anayechota. Plastiki inavumilia leo, inavumilia kesho, halafu inaanza kuachana pale kwa mshono ambapo vipande viwili vimeunganishwa. Maji yanaanza kutoka kidogo kidogo kama jasho na yanapita kwa waya.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku mama anaoga. Sisi wengine tulikuwa tunavaa ndala bafuni, yeye aliingia miguu mitupu kwa sementi yenye maji.

Kesho yake saa kumi na moja asubuhi tukasikia mlio bafuni, kama mtu ameangusha sahani. Hita ilikuwa imepasuka, maji yanamwagika ukutani juu ya swichi. Bwanangu alitaka kuingia kufunga na nikamshika mkono, sijui nilitoa wapi hiyo akili, nikamwambia zima kwa mita kwanza. Alizima mein swichi ndio akaenda nje kufunga maji. Nikakumbuka yale maneno ya mama, nikakaa kwa kiti cha jikoni nikalia.

Fundi tuliyemwita mara hii ni mzee, amefanya kazi ya stima miaka mingi na ana leseni ya EPRA, wale wa serikali wanaosimamia mambo ya stima, alituonyesha kabla hata hatujamuuliza. Yule wa kwanza aliyetuwekea alikuwa kijana wa plamba tu, maji anajua, na stima aliunga vile aliona inawaka. Mzee alifungua hita juu ya meza, akatuita wote, mama mkwe pia, akasema, "Mama, njoo uone kilichokuuma." Akamwonyesha koili, ule waya uliojizungusha unaopasha maji joto. Katika hizi hita nyingi tunazonunua koili iko uchi ndani ya maji, haijavikwa kitu. Kwa hivyo siku zote kuna stima kidogo inayotafuta njia ndani ya yale maji, na njia iliyowekwa ni waya wa ethi. Ethi ikiwa nzima stima inaenda nayo chini na wewe husikii kitu. Yetu, ule waya wa kijani na njano ulikuwa umekunjwa ukafungwa na selotepu nyuma ya hita. Haukuungwa popote. Mama alikuwa ndiye ethi.

Aki sikuweza kumwangalia usoni.

Halafu akauliza boksi ya hita iko wapi. Nikamletea, maana mimi situpi maboksi. Ndani kulikuwa na kikaratasi na kipakiti kidogo cha nailoni ambacho hakijafunguliwa, ndani yake kiduara cha plastiki chenye tundu dogo katikati, kama kitufe cha koti. Akasema hicho ndicho kilitakiwa kuwekwa mahali paipu inaingilia, ni cha nyumba zenye presha. Kinabana maji kabla hayajaingia kwa hita. Kijana hakukiweka na sisi hatukusoma. Na kikaratasi kimeandika wazi, presha ya kufanyia kazi ni kuanzia mita 1 hadi mita 40.

Hizo mita ndio mzee alitueleza vizuri sana. Kila mita 10 ambazo maji yameshuka kutoka kwa tangi ni baa 1, baa ndio kipimo cha presha. Kwa hivyo mtu wa flati ya floor tano mwenye tangi juu ya paa, ukikaa floor ya chini maji yameshuka labda mita 15 au 18, hiyo hata baa 2 haifiki, uko salama, na yule wa floor ya juu analia hita haiwaki, kama sisi Kisumu. Lakini ukiwa chini ya mlima na tangi la mtaa liko juu huko mita 60, hiyo ni baa 6 inakuja kwako ukiwa umelala. Na ukiongeza pampu ya kusukuma maji nyumbani bila kuipima ni hivyo hivyo. Hita imeambiwa mwisho baa 4.

Akafunga geji ya kupima presha kwa mfereji wa nje, akatuambia tusifungue maji popote. Mchana ilisoma baa 4 na kitu. Akatuachia, akasema muangalie saa nane ya usiku. Bwanangu aliamka akaenda na tochi, ilikuwa imepita 5 na nusu.

Dawa yake ilikuwa mbili. Nje karibu na mita ya maji akaweka valvu ya kupunguza presha, akairekebisha mpaka geji ikakaa baa 2 na nusu, na hiyo imesaidia nyumba nzima, hata ile fleksi ya choo iliyokuwa inapasuka kila mara haijapasuka tena. Halafu kwa paipu ya kwenda hita, KABLA ya hita, akaweka koki ya kuzungusha pole pole, ndio hiyo tunatumia kurekebisha maji na kuyafunga. Zile koki za kufunga ghafla kwa robo mzunguko hakutaka, alisema maji yanayokimbia ukiyasimamisha mara moja yanapiga paipu kama nyundo, na ule mlio wa "gu!" unaosikika ukutani ni wenyewe huo. Kiduara hakukiweka kwa sababu baada ya valvu hakikuhitajika, ukibana mara mbili hita inakataa kuwaka. Koki ya mwisho wa mpira aliing'oa akamkabidhi bwanangu mkononi bila kusema kitu.

Upande wa stima alitoa kila kitu. Waya iliyokuwa imewekwa ni ya milimita 2.5, ile ya soketi, na hita kama hii inavuta karibu ampia 23 mpaka 25, ukishika ukuta pale waya imepita unasikia joto. Sasa ni waya ya milimita 6 kutoka kwa bodi, breka yake peke yake ya ampia 32, dabo pol swichi, ile inayokata waya zote mbili za stima, nje ya mlango wa bafu, fimbo ya ethi ya kopa imepigwa chini huko nje, na RCD ya miliampia 30 ambayo inakata ikisikia stima imepotea njia. Gharama ilitushinda kidogo tukalipa kwa awamu mbili. Kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, weka ethi na RCD, na uoge na beseni mpaka upate ya waya. Na kama umepanga, usikubali keateka akuunganishie hita kutoka kwa waya ya taa, ongea na landilodi, shikilia hapo hapo.

Kuna vitu vingine alisema akifunga begi lake. Usibadilishe alama ya moto na baridi wakati maji yanapita, funga maji kwanza, kwa sababu zile chuma zinaruka cheche na kuungua. Maji ya mtaa yakipotea siku mbili tatu, yakirudi yanakuja na hewa na matope, so zima swichi ya hita, acha maji yapite kwanza mpaka yatulie, ndio uwashe, hivyo hivyo hata kwa hita mpya. Na vile vitundu vya shawa vikiziba kwa uchafu ni kama umefunga koki upande wa kutokea, presha inarudi ndani, kwa hivyo kila baada ya wiki kadhaa nafungua sahani yake nasugua na mswaki wa zamani. Kama unatumia maji ya borehole yenye chumvi, usinunue hita ya kawaida, uliza ile ya maji chumvi, kwa sababu chumvi inabeba stima na hizo koili uchi hazifai kabisa.

Na ukisikia kitu kama siafu wanatembea mkononi ukigusa mfereji, hata kidogo sana, hata mara moja tu, usiendelee kuoga. Toka, zima. Mgeni akisema, mtoto akisema, mfanyakazi akisema, muulize yanauma aje. Muulize hapo hapo.

Mama alikaa wiki mbili nyingine na hakuingia kwa shawa tena, nilimchemshia maji kwa sufuria kila jioni nikampelekea kwa beseni. Amesema atakuja tena mwezi wa nane. Nimemwambia kwa simu kila kitu kimetengenezwa, nikamweleza mpaka ya ethi na geji, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sawa mwanangu, asante. Niwekee beseni tu."

Nimemnunulia jipya, kubwa.