Video ya sendofu iliyogeuka redio

Bibi alivuka na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa sababu moja tu: kuona video ya sendofu ya dada, maana siku ya shughuli miguu ilimgomea. Akaketi kwenye kochi, nami nikachomeka flashi kwenye laptop. MC anasikika, vigelegele vinasikika, kioo cheusi tii.

"Mjukuu wangu, mbona hii kama redio?"

Nikaona aibu. Usiku ule nikashusha furushi la kodeki, yaani vipande vya programu vinavyobana na kufungua video, kutoka tovuti nisiyoijua. Bando likaisha, picha haikuja, na kompyuta ikaanza kurusha matangazo ya kamari. Upumbavu wangu mwenyewe.

Kesho yake nikaibeba hadi Makoroboi, Mwanza mjini, kwa kijana anayetengeneza simu. Hakuigusa hata kidogo. Alisema MP4 ni kama ndoo, jina la ndoo halikwambii ndani kuna sato au dagaa. Video yetu ilibanwa kwa H.265, mfumo wa mwaka 2013, na programu iliyokuja na laptop haikuwa na kodeki ya kuufungua. "Kaka, chukua VLC. Ingia videolan.org, usipite kwingine." Ni programu ya kuchezea video, ya bure, haina matangazo, na kodeki inatembea nazo yenyewe. Ilitokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, ulioanza mwaka 1996.

Picha ikaja, lakini na mabaka ya kijani usoni mwa bi harusi. Nikaingia Tools, Preferences, kisha Input / Codecs, na pale penye Hardware-accelerated decoding, yaani kuiachia chipu ya picha kazi ya kufungua video, nikachagua Disable. Mabaka yakafutika. Kazi yote ikahamia kwa prosesa, feni ikaanza kuvuma, ikabidi nifunge kila kitu kingine.

Kilichobaki kilinisumbua zaidi: sauti ilitangulia midomo. MC anacheka kabla hajafungua kinywa. Nikagundua herufi K huichelewesha sauti kwa milisekunde 50 kila ukibonyeza, na J huirudisha. Nikabonyeza K moja moja huku nikimtazama mpiga ngoma, maana mkono ukigonga ngozi hakuna ubishi. Mara ya nane vikakutana.

Nikamwita bibi. Akasogeza uso hadi karibu na kioo, akatulia kitambo.

"Hebu simamisha hapo. Huyo aliyekaa kiti changu ni nani?"