Siku moja maishani mwangu: kuizuia damu isigande, kisha kuirudisha igande

Saa 12:30 asubuhi. Kazi yangu ni kuendesha mashine ya moyo na mapafu, na leo mgonjwa wetu anabadilishiwa vali ya moyo. Nasoma faili lake: uzito, figo, chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda). Natafuta pia kama ametumia insulini yenye protamini, dawa tutakayoitumia mwishoni kuondoa nguvu ya heparini, na kama alikuwa akipewa wodini hiyo heparini, dawa ya kuizuia damu isigande. Insulini hakuna. Heparini ndiyo, kwa siku kadhaa. Nawaambia wenzangu mapema, kwa kuwa heparini hufanya kazi kupitia protini iitwayo antithrombini, na matumizi ya namna hiyo huipunguza.

Saa 1:15. Najaza mirija maji ya dawa na kutoa viputo vyote.

Saa 2:20. Mgonjwa amelala. Kipimo cha kwanza cha muda wa kuganda, ACT, ni sekunde 118. Kawaida.

Saa 3:05. Kifua kimefunguliwa. Daktari wa usingizi anatoa heparini, uniti 400 kwa kila kilo ya uzito. Baada ya dakika chache napima: 365. Hapa kwetu hatuanzi chini ya 480. Damu isiyolindwa ikigusa plastiki huanza kuganda, na oksijineta, sehemu ya mashine inayofanya kazi ya mapafu, ikiziba moyo ukiwa umesimamishwa, mgonjwa hana pa kukimbilia. Nasema kwa sauti: "365, bado!" Anaongezewa heparini. Napima tena: 410. Mpasuaji anatamani kuendelea, naelewa, lakini nadhani ujasiri mkubwa katika kazi hii ni kusema "bado" mara ya pili. Tunakubaliana apewe antithrombini. Kipimo kinachofuata: 520. Sasa twende.

Saa 4:00. Mashine inabeba mwili mzima. Napima kila nusu saa. Tumempoza hadi nyuzi 32, na ACT inasoma 640. Namba hiyo inatuliza moyo, ila isituhadae: baridi na damu kuchanganyika na maji huirefusha hata kama heparini inapungua. Ndiyo maana napima pia kiasi cha heparini chenyewe, na naongeza kidogo.

Saa 6:10 mchana. Moyo unapiga wenyewe, tumetoka kwenye mashine. "Protamini inaanza!" Inaingia polepole, kwani ikikimbizwa shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla. Nazima vifyonzaji vinavyorudisha damu ya kifuani, ili protamini isiingie kwenye mashine. Huenda tukaihitaji mashine tena.

ACT inarudi 124, lakini kifua bado kinachuruzika. Kuna anayependekeza protamini zaidi. Siafiki: ikizidi, yenyewe huvuruga kuganda. Tunatazama kipimo kinachochora jinsi bonge la damu linavyoundwa na uimara wake. Mabaki ya heparini hayapo, fibrinojeni, protini inayounda nyuzi za bonge, inatosha, ila bonge ni dhaifu. Basi ni chembe sahani, ambazo mashine yetu huzichosha. Anapewa, na taratibu kifua kinakauka.

Saa 8:30. Namkabidhi chumba cha wagonjwa mahututi. Namsisitizia muuguzi: "Dada, angalia mirija ya kifua kila saa. Heparini iliyojificha kwenye tishu huweza kurudi." Kwenye faili naandika kuhusu antithrombini kwa herufi kubwa, ili atakayempokea siku nyingine asianze gizani.