Mgongo uliponikaza na kila mtu akasema ni figo

Nauza vifaa vya ujenzi, na mfuko wa saruji una kilo 50. Siku hiyo vibarua walikuwa mbali, nikainama, nikaunyanyua, kisha nikageuka nao ubavu niuweke kwenye guta. Kikanikata kitu kiunoni, upande wa kulia. Mchana nilifanya kazi vizuri tu. Kesho yake kuvaa soksi ikawa shughuli.

Kwetu mtu akilalamika mgongo, jibu liko tayari: figo hizo. Dada yangu akaniletea madafu, jirani akasema ni UTI, kila mmoja na dawa yake. Mimi nikaamua kwanza niyafuatilie maumivu yenyewe, yanakuja lini na yanaondoka lini.

Nikikaa sana yalikaza, nikitembea taratibu yakalegea. Nikiinama mbele yananichoma. Nikilala chali, magoti yamekunjwa na mto chini yake, yanatulia karibu yote. Mke wangu alipitisha kidole gumba pembeni mwa uti wa mgongo, akakuta mahali pamekakamaa, akabonyeza, nikaruka. Kwenye pingili zenyewe aligonga nisisikie kitu. Mkojo haukuniunguza, sikuwa na homa wala kichefuchefu.

Figo zenyewe ziko juu kuliko wengi tunavyodhani, nyuma ya mbavu za mwisho, wakati mkono wangu muda wote ulikuwa kiunoni. Tena figo halijali umekaaje. Nimewahi kumuuguza binamu yangu mwenye jiwe la figo: alikuwa hakai wala halali, kila mkao ni ule ule, na maumivu yanamshukia hadi kinenani.

Hata hivyo nilikwenda zahanati, maana mtu hujipimi mkojo kwa macho. Ulikuwa safi. Daktari akanilaza chali, akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka.

"Yanashuka mguuni, kaka?"

"Hapana, dokta. Nyuma ya paja panavuta tu."

Angetaka kusikia kama yanapiga kupita goti hadi unyayoni, au kama kuna ganzi, kwani hapo mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa na diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo. Akanitembeza kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino. Akauliza kikohozi, jasho la usiku, kupungua uzito, kwa sababu kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye pingili za mgongo. Mimi nilitaka eksirei, nilijiona kama sijatibiwa bila picha. Akasema eksirei inaonyesha mifupa, msuli uliovutika hauonekani humo.

Alinipa dawa ya maumivu ya kumeza baada ya kula, ila aliuliza kwanza kama nina vidonda vya tumbo. Kulala kitandani kutwa alikataa: nitembee kidogo kidogo, nikande kwa kitambaa cha maji ya moto. Na nisikanyagwe mgongo. Hili liliniuma, kwa sababu mwanangu mdogo ndiye fundi wangu wa kunikanyaga na analipenda zoezi hilo kuliko mimi.

Alichokisisitiza zaidi ni dalili za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo: ganzi kwenye makalio au sehemu za siri, mkojo kugoma kutoka au kutoka wenyewe, mguu kuishiwa nguvu. Homa pamoja na maumivu ya mgongo nayo si ya kusubiri. Na maumivu yanayokuamsha usiku yasitulie hata ukijigeuza vipi, au yanayozidi wiki hadi wiki badala ya kupungua, yarudishwe kwake.

Yangu yalipungua. Siyo kwa mstari ulionyooka. Siku moja nafuu, kesho nikipiga chafya yananikumbusha. Ila kila wiki nilikuwa naweza jambo ambalo wiki iliyopita lilinishinda: kwanza soksi, kisha kuinua ndoo, halafu kukaa kwenye daladala hadi mwisho wa safari bila kusimama kujinyoosha.